Alama za Kucha kwenye Kibuyu

Kila asubuhi, kabla mlinzi wa shule hajamaliza kukunja blanketi lake, Kiranja alikuwa amekwisha kufika na kopo la maji mkononi. Hayakuwa maji ya kunywa. Yalikuwa maji yaliyooshewa vyombo nyumbani kwa shangazi yake, yenye mafuta kidogo juu, naye aliyabeba kwa tahadhari kama mtu abebaye mayai. Aliyamimina kwenye shina la mmumunye uliotambaa juu ya ua wa nyuma ya darasa, kisha akasimama mpaka udongo uyanywe. Udongo haukuchelewa. Msimu ule mvua ilikuja mara moja tu, ikapiga hodi na kuondoka kabla ya kukaribishwa.

Matunda mengine yote ya mmea ule yalikuwa yamenyauka yangali madogo kama limau. Kilibaki kibuyu kimoja, cha kijani, chenye shingo ndefu na tumbo la duara, kikining'inia nyuma ya majani yaliyojikunja kwa jua.

Kibuyu hicho hakikuwa cha mchezo. Ukutani mwa darasa, juu ya mtungi wa maji, zilitundikwa kata za vibuyu za kutekea maji. Kila darasa lililomaliza shule liliacha kata moja, imechongwa alama zake, na kila mtoto aliyekunywa maji alijua anakunywa kwa mkono wa kaka au dada fulani aliyemtangulia. Upande wa kulia ulikuwapo msumari mtupu. Huo ulikuwa wao.

Aliyewafundisha kazi hiyo alikuwa mwalimu wa kazi za mikono, mtu mkavu, mwenye maneno machache na shati lililopigwa pasi hata siku ambazo shule haikuwa na maji. Alifundisha kwa kufuata majira: wakati wa mavuno, wanasesere wa maganda ya mahindi, nyasi zilipokauka, mafagio na pete za kusuka, na mwisho wa kiangazi, kata. Kila kazi aliifunga kwa hadithi.

"Wazee walisema kibuyu kichanga kina haya," aliwaambia siku moja chini ya ua ule. "Ukikinyooshea kidole, hudhani kimeitwa. Na kikijaribu kuitika, kikonyo hukatika."

Darasa zima lilicheka, lakini mikono yote ikaenda mifukoni.

"Siku kitakapokomaa," aliendelea mwalimu, "ukucha utateleza juu yake kama juu ya jiwe. Siku hiyo nitakijaribu mimi. Si mtu mwingine. Kiranja, wewe ni wa kumwagilia tu. Tumeelewana?"

"Tumeelewana, Mwalimu."

Hawakuelewana. Kiranja alikuwa msichana wa kutumainiwa, lakini hakujua kungoja. Kesho yake, alipokwisha kumwagilia, alitupa jicho kushoto, akatupa jicho kulia, akaubonyeza ukucha wa kidole gumba kwenye tumbo la kibuyu, upande wa chini usioonekana. Ukucha ukazama. "Bado," alinong'ona. Siku iliyofuata akajaribu pembeni kidogo. Bado. Ikawa desturi yake: maji, jicho huku na huku, ukucha. Hakuona ubaya wowote. Alikuwa anakipenda.

Wakati huo alikuwa amehamia darasani msichana mmoja aliyeitwa Mgeni, kwa kuwa hakuna aliyejishughulisha kumtafutia jina jingine. Aliishi na bibi yake, mfua nguo wa nyumba za watu. Alikuwa na sweta moja la kijivu na kicheko cha ghafla. Mchana mmoja aliwakuta wenzake wamesimama mbele ya ua, kimya, kama watu walio msibani.

"Kwani mnaangalia nini?"

"Kibuyu chetu."

"Kipi? Kile?" Akanyoosha mkono wote, na kidole mbele yake. "Jamani! Ndicho mnachokilinda kama mtoto mchanga?"

Hakuna aliyecheka. Mvulana mmoja mnene, mcheshi wa darasa, alijishika kichwa.

"Umekimaliza," alisema. "Dada, umekimaliza!"

"Nimefanya nini?"

"Utaona."

Hazikupita siku nyingi, wakaona. Kiranja alifika asubuhi na kopo lake, akakikuta kibuyu chini, kimelala kwenye vumbi. Alikigeuza. Kwenye tumbo, pale pale alipokuwa akibonyeza, kulikuwa na alama ndogo ndogo zilizopinda kama mwezi mchanga, kila moja imezungukwa na doa la kahawia. Aligusa doa moja. Likabonyea, likatoa maji yenye harufu.

Aliyajua mambo yote kwa mara moja, kama mtu anayesomewa hukumu.

Kisha alisikia nyayo za wenzake zikija, akakirudisha kibuyu chini, tumbo likiwa limefichwa.

"Si nilisema!" Mcheshi alipiga yowe, na safari hii hapakuwa na mzaha katika sauti yake. "Kidole chake! Sote tulikiona!"

"Kiranja, si ulikiona?"

"Nilikiona," alisema. Nao ulikuwa ukweli, na ulikuwa uongo mbaya kuliko wote aliopata kusema.

Alijitolea kukitupa yeye mwenyewe. Wenzake walimsifu kwa moyo wake. Alikipeleka kwenye shimo la takataka nyuma ya stoo, akakisukuma chini kabisa kwa kijiti, akakifunika kwa majani makavu na karatasi.

Tangu siku ile Mgeni hakuitwa tena Mgeni. Aliitwa Kidole. Wasichana aliokaa nao benchi moja walihamia kwingine. Akikaribia mtungi, mtu husema kwa sauti, "Funikeni maji, kuna mtu asije akayanyooshea!" Hakuna aliyempiga wala kumwibia. Walimpa kisogo tu, asubuhi hadi jioni, na wakalala usingizi mzuri. Mwalimu alipouliza kibuyu kiko wapi, alijibiwa kimekauka kwenye kikonyo kikaanguka, wakakitupa. Naye, aliyeona jinsi kiangazi kilivyoyachukua mengine, alitikisa kichwa akafuta ubao.

Mgeni alijikaza. Lakini Kiranja, aliyekaa nyuma yake, aliona jambo ambalo wengine hawakuliona. Pamoja na joto lile la kuchoma, Mgeni alikuwa amevuta mkono wa kulia ndani ya sweta mpaka vidole vyote vimefichika. Alipotakiwa kuandika, alitoa ncha ya kalamu tu.

Nyumbani, shangazi yake Kiranja, fundi cherehani, aliinua macho kutoka kwenye pindo la sketi.

"Mbona kucha umezikata mpaka nyama? Umegombana nazo?"

"Zilikuwa ndefu, shangazi."

"Ndefu wapi? Njoo hapa." Shangazi alikishika kidole gumba chake, akakitazama kwenye mwanga wa dirisha. "Mwanangu, kuna kitu?"

Hapo ndipo palikuwa mahali pa kusema. Cherehani ilinyamaza, ikamngoja.

"Hakuna, shangazi."

Shangazi akarudi kwenye pindo lake.

Ilikuwa siku ya pili au ya tatu baada ya hapo, Kiranja alipopeleka chaki ofisini, akasikia sauti ya mwanamke mzee mlangoni. Alikuwa bibi yake Mgeni, mikono imekunjamana kwa sabuni, amesimama ingawa kiti kilikuwapo.

"Nimekuja kuaga, Mwalimu. Mtoto hataki tena shule. Ananiambia mkono wake una mkosi. Mtoto mdogo kama yule! Hata ndoo hataki kunishikia, anaogopa itapasuka."

"Mkosi gani, mama?" aliuliza mwalimu.

"Mtaujua ninyi. Mimi nitamtafutia nyumba ya kufanya kazi, tufue pamoja. Kesho atakuja kuchukua vitu vyake."

"Mama, akiacha sasa hatarudi."

"Najua," alisema bibi. "Ningekuwa na njia nyingine, ningekuwa hapa?"

Kiranja aliiacha chaki dirishani. Alijaribu kwanza njia nyepesi. Aliwafuata wenzake uwanjani, akasema labda si kidole, labda ni jua.

"Ah, toka!" alisema Mcheshi. "Kiranja ana huruma hata kwa fisi. Sote tulimwona."

Wote wakacheka, na Kiranja akaelewa kwamba uongo ulikwisha kuwa mkubwa kuliko yeye. Maneno matupu yasingeuangusha.

Asubuhi iliyofuata hakuwa na kopo. Mmea ulikuwa umekauka, hapakuwa na cha kumwagilia. Alikwenda kwenye shimo la takataka, akapiga magoti, akafukua kwa mikono. Majani, karatasi, maganda, majivu. Nzi walimzonga. Alipokipata, nusu ya kibuyu ilikuwa imeshaoza na nusu imenywea, lakini ngozi ya tumbo ilikuwapo bado, na juu yake alama zile zilizopinda zilionekana nyeusi kuliko mwanzo.

Alikiingiza darasani mikononi mwake. Harufu iliingia mbele yake. Mgeni alikuwa pale, anakusanya madaftari yake, na bibi yake anamngoja mlangoni.

Kiranja alikiweka kibuyu juu ya meza ya mwalimu, tumbo juu. Alipiga moyo konde.

"Hakikuanguka kwa kidole," alisema. "Kilioza. Hizi ni kucha zangu. Kila siku nilikijaribu, na nilipojua, nilikificha. Nikawaacha mseme ni yeye."

Mcheshi alisogea, akaangalia, kisha akarudi kukaa mahali pake.

Mwalimu aliinama juu ya kibuyu kwa muda mrefu. Alichukua kisu, akakipasua. Kila mtu alinyoosha shingo, kwani wote walitumaini jambo moja. Mbegu zilikuwa nyeupe, laini, zikavunjika chini ya kisu kama siagi.

"Hazikukomaa," alisema mwalimu. "Hakuna cha kupanda. Msumari utabaki mtupu mwaka huu, na walio nyuma yenu watauliza kwa nini. Mtawajibu."

Kisha akawageukia wote, na sauti yake haikupanda wala kushuka.

"Wazee waliisema hadithi ile kwa sababu kidole kinachonyooshwa, kesho hugusa, na kugusa huvunja ngozi changa. Hadithi ilikuwa ua wa kulinda kibuyu. Ninyi mmeung'oa ua huo, mkaufanya fimbo ya kumpigia mwenzenu. Nami niliwapa hadithi bila kuwapa maana yake, kwa hiyo nina sehemu yangu. Kuanzia leo wote mtateka maji ya mtungi kwa zamu, isipokuwa huyu mliyemwonea."

Akamtazama Kiranja. "Cheo chako nakivua. Si kwa ajili ya kibuyu. Kibuyu ulikiharibu kwa pupa, na pupa ni ya watoto. Mtu ulimharibu kwa kunyamaza, huku macho yako wazi. Usidhani kwamba ukisema kweli, ulichokivunja kitarudi. Hakirudi. Kweli inafanya kazi moja tu: inazuia uharibifu usiendelee. Ndiyo maana haingoji. Kila siku uliyoichelewesha, mwenzako ndiye aliyeilipia. Umenielewa?"

"Ndiyo, Mwalimu." Safari hii walielewana.

Mgeni alikuwa hajatikisika. Alikuja polepole mpaka mezani, akazitazama zile alama, moja baada ya nyingine.

"Kwa hiyo mkono wangu hauna kitu," alisema. Hakuwa anamwambia yeyote.

"Hauna kitu," alijibu mwalimu. "Haukuwa na kitu."

Mgeni akautoa mkono ndani ya sweta. Ulikuwa mkono wa kawaida, umetota jasho, vidole vimekunjamana kwa kufichwa. Bibi yake mlangoni alijifuta uso kwa ncha ya kitambaa.

"Basi keti, mjukuu wangu," alisema. "Keti usome. Nguo nitafua mwenyewe."

Kiranja, ambaye hakuwa kiranja tena, alisogea kumpisha kwenye benchi lake. "Nisamehe," alisema.

"Nimesikia," alisema Mgeni. Aliketi, kwa kuwa kwenye benchi lake la mbele hakuna aliyekuwa amebaki. Mkoba wake akauweka katikati yao wawili, akafungua daftari, na akaanza kuandika kwa mkono wa kulia.

Nje, ua ulibaki na mabua makavu, na mbinguni hapakuwa na wingu.