Mtoto Aliyenyamaza kwa Jina la Mrumi

Sitaki mtu aniambie nimetunga. Huyu ni mdogo wangu wa tumbo moja, Matilda, na nilikuwepo sebuleni kwake Glenwood, huku ugenini, nimekalia ndoo kwa sababu viti vyote vimejaa vitabu.

Ilikuwa Jumamosi kama nyingine. Nilifika mchana na samaki wa kukaanga, nikakuta mtoto analia. Hilo nalo la kawaida. Tangu azaliwe ni kilio, na hospitali walishampima wakasema mzima. Matilda amekonda, macho yamevimba. Mumewe, Pierre-Claver, yuko njiani na lori la makontena. Mama mkwe, Mama Libérate, alikuwa amepanda teksi kutoka Queensburgh kuja kumtafutia mjukuu jina.

Kwao Kongo na kwetu Tanzania, kwa hili tunaelewana. Mtoto akilia bila ugonjwa, kuna marehemu anataka jina lake lirithiwe. Mnawataja waliotangulia, mmoja mmoja. Akitajwa mwenyewe, mtoto ananyamaza. Jina linakuwa la mtoto, na mtoto anakuwa wa huyo marehemu.

Mama Libérate alitaja wa kwao wote. Mimi nikataja wa kwetu, hadi babu mmoja mlevi ambaye hakuna aliyetaka arudi. Mtoto analia tu.

"Pumzikeni," Matilda akasema. "Acha nimnyonyeshe huku nasoma. Jumatatu namwona profesa."

Masomo yake yenyewe eti ni kufuatilia ukoo wa maseneta wa Kirumi walioishi Gaul, nchi ambayo leo ni Ufaransa, zaidi ya miaka elfu moja na mia tano iliyopita. Nani alimzaa nani, nani alirithi pete ya nani. Nilishamwambia, wafu wa watu waachie wenyewe. Alikuwa amekwama kwa mtu wa mwisho: aliacha mtoto, au ukoo uliishia kwake?

Akawa anawasoma kwa sauti, mtoto kifuani, analia. Baba, mwana, mjukuu. Sauti yake imechoka.

"Calvianus."

Mtoto akanyamaza.

Nikasikia friji inavyonguruma. Mtoto ameachia ziwa, anamtazama mama yake usoni, ametulia tuli kama mtu mzima anayesubiri kusemeshwa.

Mama Libérate alinishika mkono. Vidole vyake vilikuwa vya baridi. Akamnong'oneza Matilda, "Usirudilie ile jina, ma fille. Ule si mutu wetu. Muache mutoto alie, tutamutafutia ingine."

"Mama, nimechoka."

"Ukirudilia, umemupatia."

Machozi yalimtoka Matilda. Halafu akainama kwenye sikio la mtoto, akambembeleza taratibu. "Calvianus. Lala, baba. Lala, Calvianus."

Akalala. Wakalala wote wawili, pale pale kwenye kochi, mchana kweupe. Mama Libérate alikusanya vitenge vyake akaondoka bila kuaga.

Pierre-Claver aliporudi alimpa mtoto jina la baba yake, Séverin, na ndilo alilobatizwa. Ukimwita Séverin hageuki. Nimejaribu hata kwa kugonga sufuria. Lile jingine ukilinong'ona jikoni, anageuka.

Wiki iliyopita Matilda alifika ukurasa wa mwisho wa tasnifu yake. Akaandika kwamba Calvianus hakuacha mtoto, ukoo uliishia kwake. Mimi nilikuwa nimembeba mtoto mgongoni, amelala fofofo.

Akaanza kulia.

Nimelea wanne, vilio vya watoto navijua. Hiki sikukijua. Tulimpa ziwa, akakataa. Tulimwogesha. Alilia hadi sauti ikakauka, midomo ikageuka rangi.

"Futa," nikamwambia Matilda.

"Dada, ndiyo ukweli wenyewe. Nimeutafuta miaka mitatu."

"Futa. Mwanao anakufa."

Akafuta.

Kimya.

Nilikaa chini, mtoto mapajani. Nikafungua ngumi ya mtoto nimfute jasho. Kwenye kidole cha nne ngozi ilikuwa imebonyea, duara zima, nyeupe, kama ya mtu aliyevaa pete maisha yake yote akaivua asubuhi ile. Nimepaka mafuta ya nazi, nimekanda kwa maji ya moto. Haitoki.

Ana miezi mitano. Hatujawahi kumvisha hata uzi.