Magauni Saba ya Agnetha

Ugali ulikuwa umemegwa kwa mkono wa kulia. Si jambo la kumtoa mtu jasho, lakini Levina alisimama na kile kisahani cha plastiki mkononi, saa saba mchana, jua la Tabora likipasua mabati, akakitazama mpaka nzi wakaanza kumtua usoni. Alama za vidole zilikuwa ndogo, za mtoto wa miaka sita. Akaosha kisahani. Hakumwambia mtu.

Kisahani kile kilikuwa cha marehemu. Hapa tusimame kidogo, maana anayesimulia mbio hujikwaa.

Levina alizaa mapacha wasichana, Kulwa na Doto. Kulwa akafa kwa homa, wiki moja kabla ya Krismasi. Matanga yalipokwisha, mama mkwe wake, Bibi Limbu wa Isikizya, alimletea kibuyu kidogo kilichofungwa kipande cha kanga. Ndivyo walivyofanya Wanyamwezi wa zamani: pacha mmoja akifa, kibuyu hushika nafasi yake, hulazwa kando ya aliyebaki na kutengewa chakula, ili marehemu asishikwe na upweke akarudi kumchukua mwenzake. Levina alikitazama kile kibuyu, kikavu, kipara.

"Mama," akasema, "mwanangu hakuwa kibuyu."

Alikuwa na chake kizuri zaidi. Wanawake wengine hukusanya vyombo vya kabatini visivyopakuliwa chakula. Levina alikusanya kadi za zamani za Krismasi na Pasaka, akianzia zile alizotumiwa baba yake, mfanyakazi wa reli, kutoka Kigoma na Mpanda, enzi ambazo simu hazijaua kadi. Theluji ya kadi hizo iliyoanguka ndani ya nyumba ile ya mtaa wa Ng'ambo ilizidi mvua ya Uyui nzima. Binti zake walijifunza kuhesabu kwa malaika wa kwenye kadi. Na katika sanduku la kadi alilouziwa, la mwalimu mmoja wa ushonaji, mama aliyefariki mzee na mpweke, Levina alikuta bahasha yenye mwanasesere wa karatasi: msichana mwenye shimizi, na magauni yake saba ya kuvalishwa, yaliyokatwa vizuri kwa mkasi. Mgongoni alikuwa na jina, kwa penseli: Agnetha.

Levina alichukua ufutio akalifuta lile jina. Akaandika Kulwa. Akamlaza kando ya Doto, akaanza kumtengea chakula.

Basi hapo ndipo alipoharibu. Wazee walichagua kibuyu kwa sababu kibuyu hakijawahi kuwa cha mtu.

Chakula kilianza kupungua. Kisha magauni yakaanza kubadilika yenyewe. Asubuhi la bluu, mchana la njano. Kisha, adhuhuri moja, sauti ya Kulwa ikaita kutoka chumbani, "Mama!" na Levina akaketi palepale sakafuni akalia kwa furaha. Nani angemlaumu? Alikuwa na miezi tisa hajaitwa na sauti ile.

Lakini Doto alikonda. Mikono ikawa vijiti, shingo ikabaki kushikilia kichwa kwa shida. Hospitali walipima damu, wakapima choo, vipimo havikuonyesha kitu.

"Mama," Doto alinong'ona siku moja, akitazama mlango wa chumbani, "Kulwa hataki nile."

"Anasemaje?"

"Anasema chakula hakitutoshi wawili. Halafu hajui jina langu. Ananiita ‘wewe’."

"Shsh," Levina akasema. "Atakusikia."

Mchana wa siku ile, Doto amelala, upepo umekufa na mtaa mzima umejifungia ndani kwa joto, Levina alisikia mkasi ukikata karatasi, taratibu, kwa uangalifu wa mtu anayefuata mstari, akanyata mpaka mlangoni huku harufu ya dawa ya nondo ikimkaba koo, harufu ya lile sanduku, akachungulia, akaona mwanasesere yuko palepale kwenye mto na mkasi umening'inia ukutani haujaguswa, na bado sauti ya kukata inaendelea, krr, krr, ikitoka kwenye kitanda, ikitoka kwa Doto mwenyewe, ambaye kila alipovuta pumzi ubavu wake ulitoa mlio wa karatasi inayokatwa, na shuka lililomfunika lilikuwa limelala bapa kana kwamba chini yake hamna mtoto.

Akampigia simu mama mkwe, akamweleza habari za mwanasesere na sanduku la yule mwalimu.

Bibi Limbu alifika na bodaboda, vumbi mpaka kwenye kope. "Shikamoo, mama." "Marahaba, Mama Kulwa." Hakuketi. Alikwenda moja kwa moja kwenye kisahani, akakiinua.

"Mjukuu wangu alikuwa mashoto," akasema polepole. "Ulimpiga vile vikofi mpaka nikakugombeza. Huyu anamega kwa mkono wa kulia."

"Najua, mama."

"Umejua lini?"

Levina alitazama chini. "Siku ya kwanza."

Ndiyo, alijua. Alijua si mwanawe, akaendelea kumpakulia, kwa kuwa sauti ilikuwa ileile na nyumba ilikuwa kimya mno bila hiyo. Hasira zikamwisha Bibi Limbu.

"Uchungu wa mwana aujuaye mzazi," akasema. "Yule mwalimu naye alifiwa, nafikiri, akamlisha huyu mpaka alipokufa yeye. Sasa ana njaa na anatafuta mama. Lakini wewe unaye mtoto, Levina. Anakwisha huku unamwona."

Asubuhi walimwacha Doto kwa jirani, Julieth, wakaenda nje ya Isikizya, kwenye njia ya zamani ya misafara, ambako watu hupeleka vitu visivyo na kwao. Bibi Limbu aliwasha moto. Levina aliweka ugali na mlenda.

"Mwite kwa jina lake. Mwambie wewe si mama yake. Akikuita, usiitike. Ukiitika umemzaa."

"Agnetha," Levina akasema. "Kula. Mimi si mama yako."

Wakayachoma magauni, moja baada ya jingine. Kwenye la saba, sauti ya Kulwa ikalia, "Mama, ni mimi! Mama, naungua!" Levina aliuma ncha ya kanga mpaka fizi zikatoa damu. Hakuitika. Mwanasesere akaingia motoni, akajikunja, akawa mweusi. Kukawa kimya.

Kisha ikatoka sauti nyingine, ndogo, yenye mkwaruzo, ya mtoto asiyemjua kabisa.

"Nimeshiba, mama. Asante."

"Haya, mwanangu," Levina akasema.

Neno lilimtoka kabla hajalishika. Bibi Limbu aliacha kuchochea moto. Walikaa wakitazama majivu, wakingoja, na hakuna kilichotokea. Wakarudi Tabora.

Kwa Julieth walimkuta Doto amemaliza sahani mbili za wali. Wakamrudisha nyumbani, na pale mezani akaomba tena chakula. Mashavu yalikuwa yameanza kupata damu. Levina alimpakulia, akageukia ukuta akafuta machozi, akamshukuru Mungu kwa sauti.

"Mama," Doto akasema, bila kuinua kichwa. "Yule umemwita ‘mwanangu’."

Mwiko ukamponyoka Levina. "Nani amekwambia?"

"Mimi hujaniita hivyo tangu Kulwa afe."

Levina alitaka kukana. Akatafuta siku moja tu, hata moja, hakuipata. Karibu mwaka mzima alimlilia aliyekwenda, na huyu aliyebaki alikuwa amemlaza na karatasi. Akapiga magoti, akaushika ule uso mdogo kwa mikono miwili.

"Mwanangu," akasema.

"Abee, mama," Doto akaitika.

Na kutoka chumbani, kwenye kitanda kisichokuwa na mtu, ile sauti yenye mkwaruzo ikaitika pia, "Abee, mama."