Vumbi la Chuma la Masalu

Kila asubuhi akienda shule, Joyness alipita kwenye karakana ya Masalu, fundi wa kuchomelea hapo kijijini kwao, kata ya Migato. Kupita bila salamu haikuwezekana. Masalu angezima mashine, angepandisha miwani yake myeusi hadi kwenye paji la uso na kumwamkia kwa Kisukuma kama mtoto wake, "Mwangaluka, ng'wanawane!"

"Mwangaluka, bhabha!"

"Mhola?"

"Mhola duhu!"

Akishaambiwa ni salama tu, Masalu alimpa uongo mmoja wa kwenda nao darasani. Leo angesema jana aliunga ekseli ya lori likiwa linatembea, yeye akikimbia pembeni. Kesho angesema plau aliyoitengeneza ililima shamba zima la pamba peke yake, ng'ombe wakiwa wamekaa wanaitazama. Watoto walicheka mpaka wakachelewa mstarini.

Joyness alikuwa darasa la sita, naye aliishi na bibi yake, Mayu Milembe. Alikuwa mwanachama wa klabu ya sayansi. Siku moja Mwalimu Danford, mlezi wa klabu hiyo, aliwaeleza jambo lililomkosesha usingizi.

"Mnajua mvua zimekuwa hazitabiriki," alisema mwalimu. "Sababu mojawapo ni hewa ya ukaa inayozidi angani kutokana na moshi wa viwanda na magari. Sasa, kuna sehemu za bahari zilizo mbali sana ambazo maji yake yana upungufu wa chuma. Wanasayansi wamejaribu kumwaga madini ya chuma huko. Mwani, ile mimea midogo ya majini, ukashiba na kuongezeka, ukawa unavuta hewa ya ukaa."

"Mwani ndiyo nini, mwalimu?" aliuliza Shija, rafiki yake Joyness.

"Ule utelezi wa kijani unaokuangusha lamboni, kwenye bwawa letu la ng'ombe."

Darasa likacheka. Mwalimu akaongeza, "Lakini bado wanabishana. Hawajui ni hewa kiasi gani inazama chini na kukaa huko, wala bahari itadhurika vipi."

Maneno hayo ya mwisho Joyness hakuyasikia. Alikuwa ameshafika Nyakabindi kwa mawazo, kwenye maonyesho ya Nane Nane, amesimama mbele ya wageni. Mwalimu alikuwa amesema mwenye jaribio zuri ndiye angekwenda.

Alimweleza Masalu habari hizo, akamwomba vumbi la chuma linalodondoka anapokata mabati na nondo. Masalu akamjazia kopo.

"Chukua. Ukimaliza kuosha anga, uniletee kipande cha bluu nishonee shati."

Joyness alijaza maji ya lambo kwenye mabeseni mawili. Moja alilitia vumbi, jingine akaliacha hivihivi. Akasubiri. Akachungulia asubuhi, akachungulia jioni. Mabeseni yalifanana kama mapacha. Maonyesho yalikuwa yanakaribia. Basi, siku moja bibi akiwa shambani, Joyness alichota mbolea ya kupandia kwenye mfuko, akaitia kwenye beseni lenye chuma.

Beseni likawa kijani! Mwalimu akapiga makofi, darasa likapiga makofi. Shija peke yake ndiye aliyebetua mdomo.

"Beseni hata chura anaweza kulibadilisha. Geuza lambo, ndipo nitakuita mwanasayansi."

"Nitaligeuza!"

Wakati huo wa kiangazi lambo lilikuwa limenywea. Ng'ombe wa ng'ambo hii akinywa, aligusana pua na wa ng'ambo ile. Mchana, wachungaji wakiwa wamejilaza kivulini, Joyness na Shija walibeba ndoo kubwa, kila mmoja ameshika upande wake wa mshikio. Walikwenda na kurudi mpaka mabega yakauma. Shija aliona vumbi jeusi tu lililokuwa juu. Chini yake ndoo ilikuwa imejaa mbolea, na hilo Joyness hakulisema.

Jua likafanya kazi yake. Lambo likawa kijani kama mchicha uliosagwa. Shija aliruka ruka akimwita Joyness profesa. Kisha likaanza kunuka. Perege wakaelea matumbo juu. Na siku moja ndama wa Mzee Januarius alikunywa, akapiga hatua chache, akaanguka huku miguu inatetemeka.

Mzee Januarius alipiga magoti akampepea kwa kofia. "Amka, baba. Amka," alimwambia ndama, kama anavyoambiwa mtoto. Watu walizunguka, kila mmoja akitoa ushauri, hakuna uliosaidia. Joyness alisimama hapo hapo. Alifumbua mdomo, akaufumba. Jua halijazama, ndama akafa.

Yowe likapigwa, wanakijiji wakakusanyika.

"Tulimwaga vumbi la chuma la Masalu," alisema Shija akilia. "Mimi nililiona."

"Vumbi ni langu," alijibu Masalu. "Nilimpa mtoto. Lakini chuma hicho mimi nakila kila siku kwenye ugali, na bado nipo."

Siku hiyo hakuna aliyecheka. Ikaamuliwa kwamba mtu mzima aliyewapa watoto sumu ndiye mwenye kosa, na Masalu akatengwa. Asisalimiwe, asiitikiwe, asipelekewe kazi. Joyness aliinamisha kichwa.

Asubuhi iliyofuata Masalu alipandisha miwani yake kama kawaida. "Mwangaluka, wanangu!"

Watoto walitazama vidole vya miguu yao, wakapita.

Masalu akamgeukia mbuzi aliyefungwa nguzoni. "Mwangaluka, mbuzi. Mhola?" Mbuzi akalia mee. "Afadhali wewe umelelewa vizuri."

Wengine walibana vicheko. Joyness aliharakisha hatua. Kila asubuhi ikawa hivyo, mpaka asubuhi moja Masalu hakumsalimia hata mbuzi. Alikuwa anafunga mashine yake kwenye baiskeli kwa kamba za mpira.

Joyness alisimama. Sauti ikamtoka nyembamba. "Mwangaluka, bhabha. Unakwenda wapi?"

"We!" Shija alimvuta sketi. "Unataka na wewe utengwe?"

"Somanda," alijibu Masalu bila kumtazama. "Huko mjini watu hawajui kama mimi ni sumu."

"Usiende! Si chuma. Ni mbolea. Niliiweka mimi!"

Masalu akaacha kufunga. Joyness akakimbia shuleni akamwambia mwalimu, mwalimu akaenda naye kwa bibi. Mayu Milembe hakumpiga wala hakupayuka. Aliuchukua mfuko wa mbolea uliobaki nusu, akaubeba kichwani mpaka lamboni, mbele ya wanakijiji waliokusanyika tena, akautua.

"Sema mwenyewe," alimwambia mjukuu wake.

Joyness akasema yote, tangu beseni hadi ndoo. Mwalimu Danford akampigia simu afisa mifugo.

"Ni mbolea pamoja na samadi ya ng'ombe wenu," alisema afisa alipofika na kuyatazama maji. "Mwani umezidi mno, na mwani wa namna hii huweza kuwa na sumu. Zungushieni miiba. Mnyama asinywe, mtu asichote."

"Hakuna dawa ya kumwaga humo?" aliuliza Mzee Januarius.

"Mzee wangu, kumwaga ndiko kulikotufikisha hapa. Ngojeni mvua."

Mvua ilikuwa mbali. Hakuna aliyeweza kuisukuma ije.

Mzee Januarius akainuka polepole, akavua kofia mbele ya Masalu, aliyekuja na mbuzi wake, akamsalimia. "Mwadila, Masalu."

Masalu alimtazama, kisha akamtazama mbuzi wake. "Nijibu mimi, au tumwachie huyu aliyekuwa ananijibu?"

Kicheko kikawapasuka watu wote, na machozi ndani yake. "Mwadila, mzee," Masalu akaitikia.

Mayu Milembe alimpa Januarius ndama wake mmoja. Nyakabindi alikwenda mwanafunzi mwingine. Joyness alishinda akichimba mchanga wa mto mkavu pamoja na wenzake, wakisubiri maji yajikusanye ili ng'ombe wanywe kidogo kidogo. Kutoka pale aliliona lambo, kijani vilevile.

"Bibi, siku ile mabeseni yalipofanana, ningefanya nini?"

"Ungesema yamefanana," bibi alijibu huku akichota.

Mwalimu Danford, aliyekuwa akichimba karibu, akaegemea jembe. "Na ungekuwa umetufundisha. Udongo wetu huu mwekundu umejaa chuma. Njaa ya chuma iko kwenye bahari za mbali, siyo lamboni kwetu. Maji yalikuwa yamekupa jibu la kweli, wewe ukaona aibu kulipokea."

"Na ulipokosea," akaongeza bibi, "ulinyamaza. Ndama hatukuweza kumwokoa, lambo hatuwezi kulisafisha. Kitu kimoja tu kilikuwa mikononi mwako: kusema kweli mapema, Masalu asisalimiane na mbuzi. Hicho usikikawize tena."

"Sitakikawiza, bibi."

Mvua zilikuja kwa kuchelewa, zikafurika, zikausukuma ule uchafu wote nje ya lambo. Afisa akayapima maji, wakaondoa miiba. Asubuhi hiyo Joyness alipita karakanani akiwa amelowa chapachapa.

"Mwangaluka, bhabha!"

Masalu akapandisha miwani. "Mwangaluka, ng'wanawane! Unajua mvua hii ni mimi niliyeichomelea? Anga lilikuwa limepasuka vibaya."

"Si kweli," alisema Joyness.

"Si kweli kabisa," Masalu alikubali, akawasha mashine.