Wiki Kumi na Mbili Bila Mshahara

Ugbad aliamka mapema kama kawaida. Alitia udhu, akasali, akakunja koti lake jeupe na kulitia kwenye mkoba. Vumbi la Wajir halina heshima kwa koti jeupe, kwa hiyo hakulivaa njiani.

Habaryar Saynab alikuwa jikoni tangu alfajiri. Habaryar ni mama mdogo, dada wa mama. Saynab alikuwa mjane mwenye binti mmoja, Leyla, wa miaka minane. Alipika anjera, mikate laini myembamba, na kuziuza kwa hoteli mbili za mtaani.

"Kaa ule, abaayo," alimwambia Ugbad. "Uende kazini na tumbo tupu, watu waseme nini?"

Kwenye sahani kulikuwa na anjera tatu, sukari na mafuta ya simsim. Kando yake, kikombe cha chai ya maziwa kilichojaa hadi juu. Ugbad alikula, akashukuru, akaondoka. Hakuuliza wenzake wamekula nini. Hilo lilikuwa kosa lake la kwanza.

Ugbad alikuwa mwanafunzi wa maabara katika chuo kimoja cha Garissa. Masomo ya darasani alikuwa amemaliza. Kilichobaki ni mafunzo ya kazini, wiki kumi na mbili. Kila wiki ilikuwa na ukurasa wake katika kitabu, na mwisho wa kitabu mkubwa wa kazi atie sahihi. Bila sahihi hiyo, hakuna diploma. Miaka mitatu yote ingekwenda na maji.

Kliniki moja ya mtu binafsi pale Wajir ilimkubali, naye akafikia kwa Habaryar Saynab. Mwenye kliniki aliitwa Mustafe.

"Karibu sana," Mustafe alimwambia siku ya kwanza. "Lakini mshahara hakuna. Hapa unapata uzoefu."

Ugbad alifurahi mno kupata nafasi. Hakuuliza habari ya chakula cha mchana. Hakuuliza habari ya nauli. Furaha ilimfunga mdomo, na hilo likawa kosa la pili.

Kazi aliiweza, na tena aliipenda. Alichoma vidole vya wagonjwa, akatazama damu kwenye hadubini, akaandika majibu kwa mwandiko unaosomeka. Lakini vipimo vingine havikufanyika pale. Damu ilibidi ipelekwe kwenye maabara kubwa, upande wa pili wa mji.

"Ugbad, chukua pikipiki, peleka hii haraka!" Mustafe alikuwa akisema. Mara mbili kwa siku, mara nyingine tatu.

Pikipiki haiendi kwa dua. Inataka nauli. Na nani alilipa? Ugbad! Babake alimpa pesa za kutumia miezi mitatu. Kufikia wiki ya nne, zilibaki noti mbili.

Wiki ya tano, jenereta ya kliniki iliharibika. Wagonjwa waliambiwa waje kesho. Ugbad akarudi nyumbani saa sita mchana, saa ambayo hakuwahi kurudi.

Alimkuta habaryar na Leyla wameketi kwenye mkeka. Walikuwa wakila vipande vya anjera ya jana, iliyokauka, kwa chai ya rangi. Kwenye rafu kulikuwa na sahani iliyofunikwa. Ugbad aliifunua. Ndani mlikuwa na wali na nyama. Pembeni, kikombe cha maziwa.

"Hiki ni cha nani?" aliuliza.

"Ni cha mgeni," Leyla alijibu. "Maziwa ni ya mgeni. Sisi tutakunywa ukienda."

"Leyla!" mamake alimkemea. Lakini neno lilikuwa limeshatoka.

Ugbad alihisi aibu mpaka masikio yakawaka moto. Wiki tano nzima! Alifungua mkoba, akatoa noti moja, akaiweka kwenye mkeka.

"Hii ni nini?" Habaryar Saynab aliuliza.

"Ya chakula, habaryar."

Lo! Saynab aliruka kama aliyemwagiwa maji ya moto.

"Nimekuwa hoteli mimi? Umeona bei zimebandikwa ukutani? Mtoto wa dada yangu anilipe wali! Watu wakisikia, nitauficha wapi uso wangu? Toa! Toa pesa yako kabla sijaapa kitu kibaya!"

Ugbad akaiokota noti yake. Ndivyo ilivyo kwetu. Mgeni haulizi, mwenyeji hasemi, na wote wawili wanakonda. Mimi nasema huo si ukarimu tena, ni ukaidi.

Ugbad alitoka nje, akasimama kando ya ua na kumpigia babake simu. Mzee Abdijabar alikuwa na mifugo yake karibu na Griftu.

"Rudi nyumbani," babake alisema baada ya kusikia. "Kazi bila mshahara ni utumwa. Kama hutaki kurudi, Jumamosi nitampeleka ngamia wa maziwa sokoni."

"Aabo, wakati huu wa ukame? Watakupa bei ya ngozi tu! Na mama atakama nini?"

"Basi rudi."

"Sirudi," Ugbad alisema. "Na ngamia hauzwi."

Alikata simu. Kisha akatazama jumbe zilizomwahidi mkopo wa haraka. Kidole chake kilikaribia kubonyeza.

"Wewe! Unalia nini kwenye ua wangu?" sauti iliuliza.

Ilikuwa Rukiyo, jirani wa upande wa pili. Rukiyo aliuza maziwa sokoni. Kila siku pikapu ilimletea madumu kutoka Griftu. Alikuwa na sauti ya kuamsha mtaa.

"Silii," Ugbad alisema.

"Basi macho yako yanatoa jasho. Vuka, njoo hapa."

Ugbad alivuka. Rukiyo alimkalisha juu ya dumu tupu, akamsikiliza huku akimimina maziwa. Aliposikia habari ya pikipiki, nusura aangushe faneli.

"Subhanallah! Unalipa ili ufanye kazi? Kukosa mshahara ni jambo moja, ulikubali mwenyewe. Lakini damu ya mgonjwa ni biashara ya Mustafe. Mgonjwa amelipia kipimo, sivyo?"

"Amelipa."

"Basi nauli imo humo. Kesho umwambie. Usimwombe, mwambie tu! Ulipoanza ulipaswa kuuliza: nauli ni ya nani, chakula ni cha nani, natoka saa ngapi, na siku gani napumzika. Lakini bado unaweza kuuliza. Mdomo haujafungwa kufuli."

"Na hii?" Ugbad alimwonyesha simu.

"Mkopo wa kununua chakula? Utakula mara moja, ulipe mara mbili, na riba juu yake. Futa jumbe hizo."

Ugbad akazifuta.

"Na habaryar?" aliuliza. "Pesa yangu ameikataa. Nikila anakonda, nisipokula anatukanika."

Rukiyo aliweka faneli chini. "Babako ana mbuzi wa maziwa?"

"Wapo wachache."

"Kwetu, mtu akikosa maziwa, ndugu yake humpa mnyama wa kukama. Anakama, watoto wanakunywa. Mnyama akikauka, anarudi kwa mwenyewe pamoja na kitoto chake. Tunaita nini?"

"Irmaansi."

"Umewahi kumwona mtu akiona aibu kupokea irmaansi?"

"Hapana. Huo ni undugu."

"Haya basi! Noti ni tusi, mbuzi ni heshima. Umesoma damu miaka mitatu ukasahau watu! Mwambie babako alete mbuzi wanne kwa pikapu yangu. Na ampigie Saynab yeye mwenyewe. Jina lako lisitajwe kabisa."

Ugbad alicheka, mara ya kwanza siku ile. "Na mimi je? Sabuni, vocha, viatu?"

"Jumamosi unafanya nini?"

"Nalala."

"Unalala! Wasichana wa mtaa huu wana mtihani mwaka huu, na hesabu zimewashinda. Wafundishe. Mama zao watakulipa, na mimi ni wa kwanza."

Jioni ile Ugbad alimpigia babake tena, na mzee akakubali.

Asubuhi iliyofuata, Mustafe alimkabidhi chupa ya damu mbele ya wagonjwa. "Peleka haraka."

Ugbad hakuondoka.

"Nauli," alisema.

"Nauli gani?"

"Ya kupeleka damu. Ya kwenda na ya kurudi."

Mustafe alitabasamu kwa shida. "Ugbad, wewe ni mwanafunzi. Jitolee kidogo."

"Najitolea mikono na kichwa, kutoka saa mbili mpaka saa kumi. Nauli sijitolei."

"Wanafunzi wako wengi. Ukichoka, mlango huo hapo."

"Mlango nauona," Ugbad alijibu. "Sitoki mpaka wiki kumi na mbili ziishe. Lakini kwa pesa yangu, chupa hii haitoki."

Mzee mmoja mwenye ndevu za hina alipiga fimbo yake sakafuni. "Waryaa Mustafe! Hiyo damu ni yangu! Toa nauli iende!"

Watu wakacheka. Mustafe akatoa nauli. Tangu siku ile pesa za pikipiki zilikaa kwenye droo ya kliniki, na Jumamosi ikathibitishwa kuwa siku ya mapumziko ya Ugbad. Aliomba zote mbili ziandikwe kwenye kitabu chake, zikaandikwa.

Siku tatu baadaye pikapu ya Rukiyo ilisimama mlangoni ikiwa na mbuzi wanne, na vitoto vyao vikipiga kelele juu ya madumu. Simu ya Habaryar Saynab ililia wakati huohuo. Alisikiliza kwa muda mrefu.

"Abdijabar ameniletea irmaansi," alisema akikata simu. "Anasema yeye ni shemeji gani, mimi nikae mjini bila mnyama wa kukama!" Alijifuta macho kwa ncha ya mtandio. Kisha akageuka ghafla na kumtazama Ugbad kwa jicho kali. "Wewe unajua kitu?"

"Mimi? Nilikuwa kazini, habaryar."

"Hmm," Saynab alisema. Hakuwa mjinga. Lakini mbuzi walikuwa wameshaingia uani, na irmaansi haikataliwi.

Jioni ile maziwa yalichemshwa kwenye sufuria kubwa, maana Ugbad alikwisha kuona kwenye hadubini mambo mengi ya kumfanya aogope maziwa mabichi. Leyla alikunywa vikombe viwili, akabaki na masharubu meupe. Yaliyozidi, Rukiyo aliyauza sokoni pamoja na yake, na pesa akampa Saynab. Wote watatu wakaanza kula kwenye mkeka mmoja, sahani moja. Ugbad akabeba chakula cha mchana kutoka nyumbani. Jumamosi alifundisha wasichana watano, na mzazi mmoja tu ndiye aliyechelewa kulipa. Rukiyo akamfuata mpaka kwake.

Wiki ya sita ikapita, ya nane, ya kumi. Siku ya mwisho ya wiki ya kumi na mbili, Ugbad aliweka kitabu mezani kwa Mustafe.

Mustafe hakushika kalamu. "Kazi yako ni nzuri. Kaa miezi mitatu mingine. Kisha nitatia sahihi zote pamoja."

"Bure?"

"Uzoefu, Ugbad. Uzoefu!"

Ugbad alivua koti jeupe, akalikunja, akaketi kwenye benchi la wagonjwa.

"Unafanya nini?"

"Wiki zangu zimekwisha. Nangoja sahihi yangu."

Mama mmoja aliingia na mtoto mwenye homa. "Daktari, mbona umekaa?" alimuuliza Ugbad.

"Mimi si daktari, mama. Nimemaliza mafunzo. Nangoja huyu atie sahihi."

Aliingia wa pili, naye akauliza. Aliingia wa tatu. Kila mmoja alijibiwa vilevile, kwa adabu, kwa sauti ya kusikika. Mustafe alikwenda mwenyewe kwenye hadubini. Alizungusha huku, akazungusha kule, akafumba jicho hili na lile. Haikusaidia. Benchi likajaa, na watu wakaanza kugeuza macho kumtazama yeye.

Ilipoadhiniwa alasiri, Mustafe alitoka na kalamu. Alitia sahihi, akagonga muhuri kwa hasira.

"Chukua! Sasa mpime mtoto huyu."

"Mtoto nitampima, hana kosa," Ugbad alisema akivaa koti. "Yeye ni wa mwisho."

Jumatatu, Ugbad alipanda basi kwenda Garissa kupeleka kitabu chuoni. Mwalimu alikipekua ukurasa kwa ukurasa. "Umefaulu," alisema. Ugbad alitoka nje, akakaa kwenye ngazi na kulia kwa furaha bila kujificha.

Simu ikalia. Ilikuwa Mustafe.

"Ugbad, wagonjwa wanakuulizia. Nimekuandikia barua ya kazi. Ya mshahara."

"Isome."

Mustafe akasoma yote, polepole, mpaka kwenye kiasi.

Ugbad alijifuta machozi. "Ongeza," alisema.

Kalamu ikasikika ikikwaruza karatasi.

"Nimeongeza," Mustafe akasema.