Nzuri, Ila Goti

Ndani ya jumba theluji ilianguka tangu alfajiri, na nje watu wa Moshi walitembea na miavuli ya jua. Mitambo iliyofungwa darini, ambayo watu waliiita vitema-theluji, ilivuta maji ya mto, ikayagandisha hewani na kuyatema kama unga mweupe juu ya kilima cha zege. Barafu ya mlima wenyewe ilikwisha kabla Aikande hajazaliwa. Hii ya mitambo ndiyo aliyoijua, na juu yake hakuna mtu nchini aliyemshinda kwa kuteleza.

Asubuhi hiyo alisimama kileleni, mbao zake mbili nyembamba za skii zikiwa miguuni. Mwilini alivaa vazi-misuli. Lilibana kama ngozi ya pili, na nyuzi zake zilijikaza na kulegea zenyewe, zikiusukuma mguu ulipochelewa na kuushika ulipotaka kuponyoka. Aliyeliendesha ni Mwelekezi, akili ya kutengenezwa iliyokaa ndani ya kofia. Kabla ya mazoezi Mwelekezi aliuliza hali ya mchezaji, na kutokana na jibu akapima atumie nguvu kiasi gani.

"Habari za mwili, Aikande?"

"Nzuri, ila goti la kushoto linavuta tangu jana."

"Vizuri sana," alisema Mwelekezi. "Nguvu zote."

"Subiri, nimesema goti..."

Kizuizi kilikwisha kufunguka. Akateremka. Nguzo za kwanza zilizoonyesha njia alizipita salama. Kwenye kona kali goti lilikataa kukunjika, na mtu yeyote mwenye akili angeuacha mguu unyooke. Vazi halikuuacha. Nyuzi zilijikaza zikaulazimisha kugeuka, na goti likatoa mlio kama muwa unaovunjwa.

Hospitalini daktari alimweleza bila kuzungukazunguka. Kano ya ndani ya goti imekatika. Itashonwa, itapona, lakini msimu huu asahau skii. Mashindano ya Lesotho, aliyoyangoja tangu akiwa msichana wa kuazima mbao za wenzake, yatafanyika bila yeye.

Aikande hakulia. Alikasirika hadi masikio yakapata moto.

Kocha Mringi alikuja na Injinia Halfani, kijana aliyelitengeneza vazi. Shangazi yake Aikande, Mama Ndeshi, alikuwa ameketi kando ya kitanda akimenya chungwa. Hakuwakaribisha viti.

"Pole sana, mwanangu," alisema Kocha.

"Pole ya nini? Mwambie huyu aeleze mashine yake ilivyonivunja."

Halfani alishusha macho. "Dada, Mwelekezi alikuuliza. Ukajibu nzuri."

"Nilisema nzuri, ila goti linavuta!"

"Ndiyo. Mashine inachukua jibu la kwanza."

Mama Ndeshi aliweka kisu chini. "Wewe baba, kwenu ni wapi?"

"Tanga, mama."

"Tanga hamsalimiani? Mimi nilipofiwa na mume wangu, mtu alinipigia simu akauliza habari za nyumbani. Nikamwambia nzuri, ila mwenzangu amefariki. Sasa huyo angekata simu kwenye nzuri, si angekuja kunidai sherehe?"

Mgonjwa wa kitanda cha pili alicheka, akajikohoza. Halfani hakucheka.

"Mwanzoni ilisikia yote," alisema polepole, akimtazama Kocha. "Niliifundisha mwenyewe kwamba kwetu habari huanza baada ya ila. Lakini kila mchezaji alikuwa na ila yake. Ila sijala, ila kiuno, ila nimeota vibaya. Vazi likawa linalegea kila siku. Kocha akaniomba niikate hiyo ila."

Aikande alimgeukia Kocha Mringi, mtu aliyemfundisha kusimama juu ya theluji kwa kumshika mikono yote miwili.

"Ni kweli?"

"Niliomba kwa faida yenu," alisema Kocha. "Wenzenu wa nchi za baridi hawadeki. Tungefika lini?"

"Mimi nimefika. Nimefika hapa kitandani."

"Sikiliza, Ai. Bado tunaweza kwenda Lesotho. Vazi linaweza kulibeba goti lako. Nyuzi zikifungwa vizuri, zitafanya kazi ya kano. Baada ya mashindano ndipo ushonwe."

"Toka," alisema Mama Ndeshi. "Toka na chungwa lako hili, usije ukasema tumekunyima."

Lakini Aikande hakusema toka. Hilo ndilo lililomtia hasira zaidi kuliko yote. Aliitaka ile Lesotho. Alimchukia Kocha kwa kujua kwamba anaitaka.

"Nitashuka," alisema. "Kwa sharti moja. Injinia, irudishe ila yangu."

Shangazi yake alimtazama kama anayemtazama mtu anayeingia barabarani amefumba macho. "Mama, goti ni lako. Wakishachukua kikombe, hao hawatakubebea kuni."

"Najua, Shangazi."

"Hujui. Una hasira tu."

Uvimbe ulipopungua wakamrudisha kwenye jumba la theluji. Alifika kileleni kwa lifti, akiegemea magongo, na Halfani akamvalisha vazi taratibu kama anayemvisha mtoto mchanga. Kocha alisubiri chini, saa ya kupimia mbio ikiwa mkononi.

"Habari za mwili, Aikande?"

"Nzuri," alisema. "Ila kano ya goti la kushoto imekatika, na nina hasira."

Mwelekezi alijibu, "Nimesikia yote. Usiwe na wasiwasi. Goti nitalibeba mimi."

Aikande alijisukuma kwa fimbo zake. Upepo ukampiga usoni, mbao zikaimba juu ya barafu, na hapakuwa na maumivu. Nguzo ya kwanza ikapita, ya pili, ile kona kali iliyomvunja. Hajawahi kwenda kasi namna ile. Alitaka kucheka. Halafu, karibu na chini, akaona njia aliyoipenda, ya kubana nguzo kwa bega la kulia, hila yake mwenyewe ambayo hakufundishwa na mtu. Akaegemea kulia.

Mwili wake ukaenda kushoto.

Akajaribu tena kwa nguvu zake zote. Mguu wake haukumjibu. Ulikwenda vizuri, ulikwenda vizuri kuliko alivyoweza kuupeleka yeye, na ndani yake alikuwa kama mzigo uliofungwa mgongoni mwa mtu anayejua njia. Akaelewa. Mwelekezi amemsikiliza. Amemsikiliza, akaona afadhali amwache nje.

Alivuka mstari. Kocha Mringi alirusha mikono juu akipiga kelele.

"Rekodi! Ai, umevunja rekodi!"

"Nani?"

"Nini?"

"Nauliza nani amevunja!" Sauti yake iligonga dari. "Mimi nilitaka kwenda kulia, Kocha. Lenyewe likaenda kushoto. Nilikuwa abiria!"

"Mwanangu, kushoto ndiyo ilikuwa sahihi."

Aikande aliwatazama mmoja mmoja, huyu na saa yake, yule injinia aliyekuwa akiteremka kwa lifti akitabasamu. Kisha akazifungua mbao miguuni, akaitupa kofia, akashika kifungo cha shingoni na kukivuta hadi tumboni.

"Usilivue hapa," alisema Kocha. "Goti!"

Akalivua. Mguu wa kushoto ulipotoka, goti lilikunjika upande na Aikande akaanguka juu ya theluji tupu, akiwa na nguo zake za ndani za mazoezi. Vazi halikuanguka. Nyuzi zake zilibaki zimejikaza, kifua mbele, magoti yamekunjwa kidogo, mabega yake yeye, kiuno chake yeye. Lilisimama likitazama kilima kama mtu anayengoja zamu.

"Mpeleke huyo Lesotho," alisema Aikande kutoka chini. "Hana ila."

Alidhani Kocha ataona aibu. Alimngoja aone aibu. Kocha Mringi alisogea hatua moja, macho yake yakilipima vazi juu hadi chini. Akanyoosha mkono, na kwa upole mkubwa akalipangusa theluji begani.

Aikande alichota theluji kwa mikono miwili, akaikandamiza juu ya goti lake. Iliuma. Akaiacha iume.