Jina la Hewani

Redio ilikohoa. Ilikuwa imelala chali juu ya meza ya kazi, betri yake imechomolewa na kuwekwa pembeni, na saa ilikuwa nane mchana. Fundi aliweka chini chuma cha kulehemu, akaitazama, akajiambia ni mtu anapita nje. Hakwenda kuangalia.

Ilikuwa redio ya mkono ya marehemu kaka yake. Kaka alikuwa mwanaredio wa ridhaa, mmoja wa wale watu wanaoweza kukaa alasiri nzima wakisalimiana hewani na watu wasiowahi kuwaona. Mjane wake ndiye aliyeileta siku moja kabla, imefungwa kwenye kitambaa safi.

"Shemeji, ni kitufe cha sauti tu kinakwama," alisema. "Kirekebishe hicho, kingine usiguse. Humo ndani kuna salamu yake ya mwisho. Kila jioni naisikiliza."

"Hicho nakimaliza kabla hujafika kwako."

Na kweli alikimaliza. Lakini kwa wiki kadhaa wenzake walikuwa wakisifia programu huria, inayoandikwa na watu wa kujitolea na kugawiwa bure, ambayo ukiipandisha kwenye redio ya dijitali huiondoa programu ya kiwandani na kukaa mahali pake. Fundi alikuwa hajawahi kuipandisha. Sasa redio ya aina ile ile ilikuwa mbele yake, na waya ulikuwa mezani. Alijiambia anataka kumfurahisha shemeji yake. Ukweli ni kwamba alitaka kwenda kuwaambia wenzake ameweza.

Maelekezo yalianza na mstari mmoja mwekundu: hifadhi kwanza kila kilichomo. Akauruka. Alibonyeza vitufe viwili kwa pamoja, akawasha, akatazama alama ya kijani ikijaa kwenye kompyuta. Ilipojaa, salamu ilikuwa imefutika.

Programu mpya ikamwomba jina la hewani, yaani zile herufi na tarakimu anazopewa mwanaredio mmoja tu, wa pili hanazo. Alipaswa kuweka lake. Vidole vyake viliandika la kaka. Kisha akaita mara tatu, kama wanaredio wanavyoita, akijitambulisha kwa jina la mtu aliyezikwa. Hakuna aliyejibu. Kulikuwa na kimya tu, kimya cha mtu anayesikiliza.

Sasa ilikuwa imekohoa. Alirudisha betri haraka, kwa kuwa shemeji alikuwa mlangoni, naye alikwishaandaa uongo: imejifuta yenyewe. Hakuwahi kuusema.

"Nimefika salama, mke wangu," redio ilisema. "Nisubiri."

Shemeji alijishika mdomo. "Maneno yake yale yale! Umeisafisha hivi, shemeji?"

"Kazi ndogo tu," alijibu, na uso ukamwaka hadi masikioni. Alishukuriwa mpaka barabarani.

Siku ya nne shemeji alipiga simu, akinong'ona kama mtu aliyejificha ndani ya nyumba yake mwenyewe.

"Salamu imebadilika. Haisemi tena nimsubiri. Inasema niende."

"Uende wapi?"

"Haijasema. Lakini jana nilijikuta nimevaa viatu."

Fundi alikwenda mbio, na alipofungua mlango alipokewa na harufu ya udongo mbichi uliochimbwa sasa hivi, ingawa sakafu ilikuwa imepigwa deki na inang'aa, na kadiri alivyopita ukumbini ndivyo sauti ya kaka yake ilivyotoka mbele yake, kisha nyuma yake, kisha ndani ya kabati la vyombo, ikisema njoo, njoo, njoo, kwa upole ule ule, bila kuvuta pumzi hata mara moja, mpaka akaona redio juu ya meza ya chakula, kioo chake cheusi, haijawashwa.

Alikimbilia kwa mganga, mama mmoja wa makamo aliyeuza dawa nyuma ya soko. Mama yule hakutaka hata kuelezwa mara mbili.

"Jini anatafuta jina, baba. Wewe umempa la bure. Lifute. Kisha mwambie mwenye mume ulichofanya, chombo kiwe katikati yenu, kisikie kuwa jina lina mwenyewe."

Basi wakakaa, yeye na shemeji yake, redio katikati. Fundi alilifuta jina, akachomoa betri na kuitia mfukoni mwa shati.

"Shemeji," alisema, akiitazama meza. "Ile salamu niliifuta mimi. Hukunituma. Nilitaka sifa tu. Hii uliyoisikia sikuirekebisha, wala si yeye. Ulinishukuru, nikapokea."

Shemeji alikunja pindo la kitambaa cha meza, akalikunjua.

"Nilijua."

"Ulijua?"

"Kaka yako alikuwa na kigugumizi. Miaka ishirini na miwili hakuwahi kusema 'mke wangu' bila kujikwaa kwenye ile m. Hii yako inatiririka kama mtangazaji wa habari." Alimtazama kwa mara ya kwanza. "Mlimcheka utotoni, wewe zaidi ya wote. Halafu hata hilo umelisahau. Nilikuwa nasubiri uniambie mwenyewe."

Fundi aliinamisha kichwa. Alikumbuka akimwiga kaka yake mbele ya wageni, na kaka akicheka pamoja nao. Alitamani sakafu immeze.

Mezani, redio isiyo na betri ilikohoa.

"M... m-m..." ilisema, taratibu, kama mtu anayejaribu kiatu kipya. "M-m-mke wangu. Njoo."

Fundi aliinua macho. Shemeji yake alikuwa ameshasimama, machozi yanamtoka, anatafuta viatu.