Mzigo Hapo Ni Nani?

Kiherehere alikuwa anaosha vyombo huku jicho moja liko kwenye simu. Simu kimya. Akafuta mikono, akaichukua, akaitikisa kama chupa ya dawa ya kikohozi. Kimya vilevile.

"Ukiitikisa ndiyo wateja watadondoka?" kaka yake akamtania. Alikuwa amekaa mlangoni na kikombe cha chai, funguo za pikapu yake mezani.

"Kunywa chai yako, niache."

Jina la Kiherehere alipewa utotoni, kwa sababu hajui kutulia, na likamganda. Sasa alikuwa mtu mzima, ameacha kazi kwenye duka la samani, ameanzisha ya kwake. Kazi yenyewe ni hii: kuna wazee wanahama kutoka nyumba kubwa kwenda ndogo. Wengine vitu vimewajaa mpaka hawana pa kupita. Yeye anawasaidia kupanga, kupunguza na kuhamisha. Kaka anatoa gari. Tatizo, hakuna aliyempigia. Na bosi wake wa zamani alishasema, "Utarudi tu hapa." Kurudi kule? Heri ale sabuni.

Matangazo alikuwa amebandika kila mahali, kwenye saluni, duka la dawa, mpaka ukuta wa zahanati. Aliyaandika mwenyewe kwa kalamu nyekundu:

JE, UNA MZEE NYUMBANI?
TUKUPUNGUZIE MZIGO!
TUNAONDOA VYA KALE VYOTE, CHAPUCHAPU!

Simu ikalia. Kiherehere nusura aidumbukize kwenye maji.

Alikuwa mama mmoja mshonaji. Baba yake, fundi redio mstaafu aliyefiwa na mke, alijikwaa kwenye rundo la maredio akaanguka. Bahati hakuvunjika. Sasa mshonaji anataka kumhamishia kwake, kwenye chumba kimoja, amwangalie kwa karibu.

"Tunakuja sasa hivi!" Kiherehere akasema.

Wakaenda na magunia. Watu wote walimwita yule mzee Babu Redio, na ukiingia kwake unajua kwa nini. Redio juu ya kabati, redio chini ya kitanda, redio mpaka mlango wa jikoni. Pa kukanyaga hapaonekani.

"Shikamoo, Babu!"

"Marahaba. Magunia ya nini?"

"Tumetumwa na mwanao. Wewe tupishe tu njia, Babu, kazi tuachie sisi."

Babu akaingia bafuni kunawa. Alipotoka, nusu ya sebule ilikuwa kwenye pikapu. Kiherehere alikuwa amebeba redio moja iliyopasuka kifuniko, nyaya zinaning'inia kama utumbo.

"Hiyo unaipeleka wapi?"

"Babu, hii si imekufa?"

"Imekufa. Na mimi je? Utanipakia lini?"

Kaka akaanza kucheka, akaona uso wa mzee, akageuza kicheko kuwa kikohozi.

Babu akatoa karatasi kwenye mfuko wa shati. Lilikuwa tangazo la Kiherehere, mzee alilibandua kule duka la dawa. "Nisomee, mjukuu wangu. Kwa sauti."

Kiherehere akasoma. Alipofika mstari wa pili, sauti ikaanza kupungua.

"Mzigo hapo ni nani?"

"Ni... ni vitu, Babu."

"Vitu vimeandikwa wapi? Naona mzee, halafu naona mzigo. Mtaa huu mzima umesikiliza habari kwa mikono yangu, leo mimi ndiye wa kupunguzwa? Shusheni vyangu!"

Wakashusha vyote. Watu wamesimama wanatazama. Kiherehere alitamani ardhi impasukie.

Jioni akaenda kwa jirani yake, muuguzi mstaafu aliyehudumia wazee miaka mingi. Alimkuta anakunja nguo. Akamwaga yote.

"Ulimuuliza nini kwanza?" muuguzi akasema.

"Nilimwamkia."

"Vizuri. Baada ya shikamoo?"

Kiherehere akafikiri. "Nikamwambia atupishe njia."

Muuguzi akacheka mpaka akaweka nguo chini. "Nyumbani kwake? Wewe mtoto wewe! Sikiliza. Huyo mzee anaacha nyumba, anaacha majirani. Ukimnyang'anya na uamuzi, anabaki na nini?"

"Lakini mama, kule ni hatari. Ataanguka tena."

"Ndiyo, basi anzia hapo. Mwombe kwanza ruhusa ya kufungua njia ya kitandani na ya chooni. Nyaya na mikeka inayoteleza iondoke miguuni. Husogezi kitu kingine. Baadaye chukueni sehemu ndogo, droo moja tu. Kitu kimoja kimoja. Muulize, 'Bado unakitumia? Ungependa kikae kwa nani?' Akichoka, acheni, mtaendelea siku nyingine. Picha na vitu vya marehemu mkewe viwe vya mwisho kabisa, vinauma. Na dawa zilizopita muda usizitupe ovyo wala usimpe mtu. Zipeleke duka la dawa, wakuelekeze."

"Na hicho chumba kipya? Vitu havitaenea!"

"Kipime. Halafu kichore kwa chaki pale sebuleni kwake, aone mwenyewe kinachoenea."

Kiherehere akashika kichwa. Kitu rahisi hivyo!

"Na tangazo lako," muuguzi akaendelea, "linamsengenya mzee wakati yupo anasoma. Msemeshe yeye. Na hiyo chapuchapu ifute. Nani anataka kuharakishwa kutoka kwake?"

Asubuhi Kiherehere akabandua matangazo yote. Akapima chumba kwa mshonaji, akaenda kwa Babu bila gunia hata moja. Mkononi ana chaki tu.

"Umerudi kuchukua nini?"

"Sichukui kitu, Babu. Nimekuja kuomba radhi. Nilikuvunjia heshima."

Babu akamwangalia. Kisha akasukuma kiti kwa mguu. "Kaa."

"Babu, kule kwa mwanao, ukiamka asubuhi, ungependa mkono wako uguse nini kwanza?"

Mzee hakutegemea swali hilo. "Bisibisi," akasema.

Kwa ruhusa yake wakasafisha njia, wakasogeza redio pembeni, kisha wakachora chumba sakafuni. Babu akaingia ndani ya mistari, akajizungusha.

"Mbona kadogo hivi? Hiki chumba au kiberiti?"

"Kitanda hapa, Babu. Meza yako ya kazi hapa, dirishani. Inaenea!"

"Na redio?"

Kiherehere akajiuma ulimi. Safari hii akauliza. "Zipi unazipenda?"

"Zangu ni mbili. Hizi nyingine si zangu."

"Si zako?"

"Za watu! Waliniletea nitengeneze, hawakurudi. Wengine walihama, wengine wamekufa. Nitatupaje amana ya mtu?"

Kumbe! Mwanawe alidhani baba ana tamaa ya vitu. Mzee alikuwa analinda mali za wenyewe. Kiherehere akasikia aibu upya, halafu wazo likamwaka kichwani.

"Basi tuwaite, Babu. Ukikubali."

Wakaandika pamoja, Babu anasema, Kiherehere anaandika: BABU REDIO ANAHAMA. ULIMWACHIA REDIO? NJOO UICHUKUE. Chini yake Babu akaruhusu maneno mengine: Mzee wetu, unahama? Tupange pamoja. Uamuzi ni wako. Na namba ya simu.

Wakabandika, wakatuma kwenye simu, majirani wakapashana. Watu wakaja! Jamaa mmoja alikuja kuchukua redio ya baba yake, akaikumbatia kama mtoto. Mwingine hakuikumbuka yake, Babu akamkumbusha mpaka kosa alilolifanya: "Uliimwagia uji wewe!" Nyumba ikapumua. Zile ambazo hazikupata mwenyewe, Babu aliamua ziende chuo cha ufundi, vijana wajifunzie.

Babu alitoka akitembea kwa miguu yake, akapanda pikapu na kukaa mbele. Mshonaji anasema sasa baba yake anaenda chooni bila kushika ukuta, na asubuhi anatengeneza redio za majirani wapya.

Wa mwisho kufika alimfuata kulekule chumba kipya. Mama mtu mzima, ana fimbo. Alichelewa kusikia habari. Babu akamtolea redio ya marehemu mumewe, aliyokataa kuipeleka chuoni. Akaiwasha. Ikakoroma, ikatoa sauti ya mtu anasoma taarifa ya habari. Yule mama akasikiliza mpaka mwisho, hata habari za mvua.

Kisha akamgeukia Kiherehere. "Ndiye wewe uliyempanga?"

"Alijipanga mwenyewe, mama. Mimi nilishika chaki."

"Kwangu kuna makabati mawili. Sijayafungua tangu mwenzangu aondoke. Watoto wanasema watayachoma moto. Unaweza kuja?"

"Nitakuja. Tutaanza na lipi?"

"Hilo," mama akasema, akinyanyuka kwa fimbo yake, "nitakuambia mimi."